Sura ya Sita: Karatasi za Kundi B

Ijumaa asubuhi Sajini Patrobas Shitanda alinunua gazeti pale Muthurwa, akalifungua akiwa bado amesimama mbele ya muuzaji, na moja kwa moja akakutana na mtu aliyeomba asikutane naye. Burale. Picha yake ilikuwa ukurasa wa tatu, kofia imekaa sawa, meno yote nje, na chini yake maneno kwamba ndiye aliyewanasa majambazi wa duka la vito. Burale huyo waliingia naye chuo cha polisi siku moja, wakala maharagwe ya sufuria moja, na siku za shabaha hata ukuta ulikuwa unamshinda kuupiga. Sasa alikuwa Inspekta. Shitanda alilikunja gazeti mara nne, akalisokomeza mfukoni mwa koti, na wivu ukamkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Yeye, askari kanzu wa miaka kumi na miwili, alikuwa amepewa kesi ya karatasi za watoto wa darasa la nne.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Mwaka 1978 shule nane za Eastlands ziliingizwa katika kitu kilichoitwa Mpango wa Vitabu. Katika kila shule darasa moja lilipewa sanduku la vitabu vya hadithi, na mwalimu wake akapelekwa semina kufundishwa namna mpya ya kusomesha. Darasa la pili likaachwa na ubao wake na chaki yake kama zamani. Sasa ulikuwa mwaka 1981, na watafiti walikuwa wanazunguka shule hizo kukusanya takwimu, wapime kama mpango umewafaa watoto au umewapotezea watu wakati. Katika Shule ya Msingi ya Reli Mpya, darasa lililopewa vitabu lilikuwa Nne Buluu la Mwalimu Teresiah. Lililokosa lilikuwa Nne Nyekundu la Mwalimu Nasike. Watoto wote walifanya mtihani mmoja wa kusoma. Karatasi zikasahihishwa na karani wa utafiti, zikafungwa vifurushi viwili, vikatiwa kabatini. Jumatano vilikuwepo vyote. Alhamisi asubuhi kimoja kilikuwa hakipo.

Mwalimu mkuu, Bwana Gichuru, alimpokea Shitanda getini akiwa na barua mkononi.

"Sajini, kazi nimeshakumalizia," alisema. "Aliyefanya ninamjua. Saa kumi barua hii inakwenda ofisi ya elimu, na Jumatatu Nasike hana kazi hapa."

"Umemwona akichukua?"

"Sihitaji kumwona. Kilichopotea ni kifurushi cha Kundi B. Hawa watafiti hawaandiki jina la darasa, wanaandika herufi tu. Lakini hata mtoto atakwambia, A ni Buluu, darasa la mpango. B ni hao wengine. Mwalimu hana cheti, watoto hawana vitabu, unatarajia nini? Aliona aibu inakuja, akaificha."

Walifika kwenye kabati. Lilikuwa la chuma, limesimama koridoni nje ya ofisi. Shitanda alichuchumaa, akaangalia kufuli, akapitisha kidole kwenye bawaba. Hapakuwa na mkwaruzo.

"Ufunguo unakaa wapi?"

"Kwa msumari, nyuma ya mlango wangu. Chaki ziko humu pia, kwa hivyo kila mwalimu huuchukua. Lakini lazima atie sahihi." Gichuru alimpa daftari la chaki kwa fahari ya mtu aliyelibuni mwenyewe. "Soma Jumatano."

Shitanda alisoma. Jumatano, saa nne: Nasike, chaki nyeupe mbili. Chini yake hapakuwa na jina jingine mpaka Alhamisi.

"Na hizi za rangi?" Aliinua boksi dogo lililokuwa juu ya nyeupe.

"Zimekuja Jumanne. Hata haijatoka moja."

Shitanda alifungua boksi. Lilikuwa na nafasi wazi mbili. Alilirudisha, akaandika kwenye kijitabu chake.

"Na ushahidi mwingine huu hapa," Gichuru aliendelea, akichomoa mfukoni karatasi iliyosokotwa pembe, ya kufungia njugu. "Mamake Nasike anauza njugu Soko la Burma. Jana nilipita pale makusudi. Hebu kunjua."

Ilikuwa karatasi ya shule kweli, ina mwandiko wa mtoto, na alama za vema za wino mwekundu. Ikanukia njugu za kukaanga. Shitanda aliikunja, akaiweka katikati ya kijitabu.

"Sajini, nisikufiche," Gichuru alisema akishusha sauti. "Niliposikia jina lako kwa simu nilijiuliza maswali. Nasike ni mtu wa kwenu."

"Kwetu ni Kaloleni, Mwalimu. Nimezaliwa pale, nyuma ya ukumbi," Shitanda alijibu. "Huyo karani wa utafiti yuko wapi?"

Lydiah, karani wa utafiti, alikuwa amepewa stoo ya majembe na mafagio kuwa ofisi. Alikuwa msichana mwembamba mwenye miwani, na alionekana hakulala usiku. Alisimama Shitanda alipoingia, akagonga kichwa kwenye rafu, akaketi tena.

"Ukisahihisha unatumia nini?" Shitanda aliuliza.

"Penseli. Halafu nafuta kila alama. Kuna msahihishaji wa pili chuoni, na hatakiwi kujua mimi nimeona nini."

Shitanda akamwonyesha karatasi ya njugu. Lydiah aliitupia jicho moja.

"Hiyo si yetu. Hiyo ni insha ya mtu wa la saba. Yetu haina wino mwekundu, na haina jina, ina nambari peke yake."

"Kwa hivyo zikipotea zimepotea."

"Zimepotea kabisa. Bila usahihishaji wa pili alama hazihesabiwi, na shule yote inaondolewa kwenye utafiti. Niliwaeleza walimu siku ya kwanza, wote."

"Alama zenyewe ziliandikwa mahali?"

Lydiah aliinamisha kichwa. "Hapo ndipo nilikosa. Jumatano asubuhi nilibandika karatasi ya wastani ndani ya mlango wa kabati, ili nisiisahau. Alhamisi saa moja asubuhi, nilipoona kifurushi hakipo, niliibandua. A, arobaini na moja. B, hamsini na nane."

Shitanda aliacha kuandika. "B ndiyo ya juu?"

"Ndiyo."

"Na nani anajua A ni darasa gani na B ni gani?"

"Mimi tu. Niliandika herufi kwenye vikaratasi viwili, nikavitia kwenye kikombe cha chai, nikachomoa kimoja bila kuangalia. Hata bosi wangu haambiwi mpaka mwisho. Ndiyo njia ya kazi yetu."

"Mimi utaniambia."

Msichana alisitasita. Akaangalia mlango, akaangalia kitambulisho cha polisi kilichokuwa juu ya meza, kisha akasema polepole, "B ni Nne Buluu. Ni watoto wa Mwalimu Teresiah."

Basi mwalimu mkuu na ujanja wake wote alikuwa amekosea. Lakini Shitanda hakufurahi, maana jambo hilo lilizidi kumzamisha Nasike. Sasa halikuwa tena suala la mtu kuficha aibu yake. Lilikuwa la mtu kuiba ushindi wa mwenzake, na sababu ya namna hiyo Shitanda aliielewa bila kufundishwa, alikuwa anatembea nayo mfukoni imekunjwa mara nne. Kama angepewa yeye lile gazeti usiku kabla halijachapishwa, picha ya Burale ingetoka haina kichwa.

Akaenda Nne Nyekundu akiwa amekwisha kuamua nusu.

Darasa lilikuwa na watoto hamsini na mmoja, watatu watatu kwa dawati, wanne kwenye madawati ya nyuma. Mwalimu Nasike alikuwa mwanamke wa miaka kama ishirini na mitano, sweta imeshonwa kiwiko, mkono mweupe kwa chaki. Aliwapa watoto hesabu, akatoka mlangoni.

"Nimeambiwa ni mimi," alisema kabla hajaulizwa. "Hedimasta aliniambia jana mbele ya wenzangu wote, wakati wa chai, na kwamba barua inaondoka leo saa kumi."

"Una wivu na Mwalimu Teresiah?"

"Ninao," Nasike alisema. "Nikudanganye kwa nini, Afande? Ukuta huu ni mwembamba. Wakati wa hadithi watoto wangu wanasikia wale wa Buluu wakicheka, wananiuliza, mwalimu, sisi tulikosa nini? Miaka mitatu naulizwa hivyo. Wageni wakija na magari wanapita mlango wangu kama ni wa choo. Roho inaniuma sana. Lakini karatasi sikuchukua."

"Jumatano saa nne ulifungua kabati."

"Nilichukua chaki mbili. Nimetia sahihi."

"Uliona karatasi mlangoni?"

Uso wa Nasike ukabadilika, ukawa wa mtu anayejaribu kutotabasamu mbele ya polisi. "Niliona. A, arobaini na moja. B, hamsini na nane."

"Ukafikiria nini?"

"Mimi nitafikiria nini? A huwa ni wale wa kwanza, B ni sisi. Nilisoma mara tatu. Nikarudi hapa, nikashindwa kufundisha."

Shitanda alichungulia darasani. Alimwita msichana wa dawati la mbele, kisha akaghairi, akawauliza wote pamoja. "Watoto, Jumatano baada ya saa nne mwalimu aliwaambia nini?"

"Tumeshinda," wakajibu kwa sauti moja, na wale wa nyuma wakapiga madawati.

Nasike akafuta jicho kwa mkono wa chaki. "Sikuwaambia zaidi ya hapo. Sikutaja Buluu, sikutaja alama. Lakini niliwaambia waimbe, na wakaimba mpaka kengele."

Ile nusu aliyokuwa ameamua Shitanda ikafutika yote. Mtu aliyeona hamsini na nane akaamini ni yake hawezi kuiba hamsini na nane. Angeilinda, angeitia fremu. Na hapa shuleni palikuwa na mtu mwingine aliyesoma herufi ileile, akafikiri vilevile, lakini hakufurahi. Shitanda alitaka kumweleza Nasike ukweli wa kikombe cha chai, lakini akaona bado si wakati wake. Akamwambia tu asiondoke shuleni.

Saa yake ilisema ni saa saba na robo.

Mwalimu Teresiah alikuwa amewaachia watoto waende chakula cha mchana, na alikuwa peke yake darasani akipanga madaftari. Alikuwa mwanamke wa makamo, kitambaa cha kichwa kimefungwa kwa ustadi, viatu vinang'aa. Kwenye ubao wake palichorwa ramani ya Kenya, misitu ya kijani, tambarare za manjano, na kona ya juu tarehe ya Alhamisi. Pembeni, chini ya dirisha, kulikuwa na sanduku la chuma lenye kufuli, limeandikwa Mpango wa Vitabu kwa rangi nyeupe.

"Karibu, Sajini. Kaa, ingawa viti vyetu ni vya watoto."

"Nitasimama. Umefundisha miaka mingapi, Mwalimu?"

"Kumi na minne. Cheti ninacho, wastani wa juu chuoni, uliza popote. Hawa wangu nilianza nao la kwanza, nikapanda nao mpaka hapa. Kila mmoja nilimshika mkono kuandika herufi ya kwanza."

"Unamwonaje Mwalimu Nasike?"

Teresiah alinyoosha rundo la madaftari lililokuwa limenyooka tayari. "Ni msichana tu. Anajaribu. Lakini siku hizi, Sajini, mtu akipiga kelele darasani anaitwa mwalimu hodari. Wazazi wa Makongeni wameanza kuja kuomba watoto wao wahamishiwe kwake. Kwake, si kwangu. Eti anawapenda watoto. Mimi nawachukia?"

"Mwalimu mkuu anasema alificha karatasi kwa sababu watoto wake walianguka."

"Walianguka?" Teresiah akacheka kidogo, cheko la puani. "Labda mwalimu mkuu hajui. Mimi ninachouliza ni kimoja. Mtu hana cheti, hana hata kitabu kimoja, hiyo hamsini na nane aliipata wapi kama si kuwapa watoto majibu?"

Nje watoto walikuwa wakigombania mfereji. Shitanda alisubiri kelele zipungue.

"Na darasa lako lilipata ngapi?"

"Langu?" Akapepesa macho. "Arobaini na... arobaini na kitu. Sikuangalia sana."

Hapo Shitanda akajua. Yeye mwenyewe ukimwuliza amefunga kesi ngapi mwaka huo angelazimika kuhesabu vidole. Za Burale alikuwa nazo kichwani zote, na tarehe zake, na ukurasa wa gazeti.

"Hukuangalia sana wapi, Mwalimu?"

Teresiah akalivuta rundo jingine la madaftari.

"Alama hizo zilikaa mahali pamoja tu, ndani ya mlango wa kabati, kutoka Jumatano asubuhi mpaka Alhamisi saa moja. Nasike aliziona, akatia sahihi daftari la chaki. Jina lako halimo."

"Nasike mwenyewe ndiye alikuwa akijigamba nazo. Watoto wake waliimba mchana kutwa, hatukuweza hata kusoma."

"Waliimba kwamba wameshinda. Hawakuimba hamsini na nane. Hii ramani umechora lini?"

"Jana. Tarehe si hiyo hapo?"

"Kwa chaki ya kijani na ya manjano. Boksi la rangi limekuja Jumanne, na mwalimu mkuu anasema halijaguswa. Mbili hazimo."

Mkono wa Teresiah ulikwenda kwenye kitambaa cha kichwa, ukakirekebisha, ukarudi mezani.

"Nilisahau kutia sahihi. Ni chaki tu."

"Ni chaki tu," Shitanda alikubali. Alitoka mlangoni, akamwita Bwana Gichuru aje awe shahidi, maana sanduku la mtu halifunguliwi na polisi mmoja bila mtu wa pili kuona. Gichuru akaja na barua yake bado mkononi, akitaka kuuliza. Shitanda akamwomba asimame pale dirishani.

"Ufunguo, Mwalimu."

Shitanda alidhani atakataa. Teresiah aliufungua kutoka kwenye pini ya sweta, akauweka juu ya meza, akausukuma kwa kidole kimoja.

Juu kulikuwa na vitabu vya hadithi, vimechakaa kwa kusomwa, vingine vimefunikwa na karatasi za magazeti ili visichanike. Shitanda alivitoa kimoja kimoja, akavipanga sakafuni. Chini kabisa kilikuwa kifurushi cha karatasi ya kaki, kimefungwa kwa uzi wa katani, herufi B imeandikwa kwa kalamu nene. Fundo la uzi lilikuwa halijaguswa.

"Mwalimu Teresiah," Gichuru alisema.

"Hukukifungua?" Shitanda aliuliza.

"Nikifungue niangalie nini? Kazi ya watoto wa Nasike?" Sasa sauti yake ilikuwa imepanda, na hakujaribu kuishusha. "Miaka mitatu, Sajini. Semina, ripoti, wageni, kila jioni nimebaki hapa nikiandaa masomo. Halafu mtu wa juzi ananipita. Mnajua watu watasema nini? Watasema alipewa kila kitu na akashindwa na asiye na kitu. Sikutaka afukuzwe. Nilitaka tu hiyo hamsini na nane isiwepo."

"Barua ya kumfukuza ilikuwa inaondoka saa kumi, na ulijua. Ulinyamaza."

Teresiah aliokota kitabu kimoja sakafuni, akakipangusa vumbi.

"Mbona hukukichoma?"

"Mwalimu hachomi karatasi za mtihani," alisema, kana kwamba ameulizwa swali la kijinga.

Shitanda alitoa kisu kidogo, akakata uzi, akafungua kaki. Sheria ilimtaka ahesabu karatasi mbele ya mashahidi. Badala yake alichukua ya juu, akampa Teresiah.

"Hazina majina," alimwambia. "Nisaidie. Hii ni ya nani?"

Teresiah aliishika kwa ncha za vidole. Akaanza kuirudisha, kisha jicho lake likanasa kwenye mstari wa kwanza. Akaisogeza karibu. Shitanda aliona midomo yake ikisoma.

"Huyu ni Ndanu," alisema. "Ndanu huanza herufi zake kutoka chini. Nimemkataza tangu la kwanza." Akanyakua karatasi ya pili, na ya tatu. "Huyu ni Ngui. Huyu ni Mirriam, hawa ni... hawa ni watoto wangu. Karatasi za watoto wangu zimeingiaje kwenye B?"

"B ndiyo wao," Shitanda alisema. "Karani alichomoa herufi kwenye kikombe. Hamsini na nane ni yako, Mwalimu. Ilikuwa yako tangu Jumatano."

Teresiah alikaa kwenye dawati la mtoto, magoti yakamfika karibu na kifua. Karatasi zilikuwa mapajani na machozi yakaanza kumtoka bila sauti, naye akazisogeza pembeni zisilowe. Kule dirishani Gichuru aliikunja barua yake, akaitia mfukoni, akatazama nje. Shitanda alimwonea huruma, na hiyo ilimshangaza, maana alikuwa amekuja pale bila huruma hata ya kujigawia.

"Chukua mkoba wako," alisema mwishowe. "Tutaenda kituoni uandike taarifa."

Teresiah alijifuta uso kwa upindo wa kitambaa. Alisimama, akakusanya karatasi, akazigonga mezani mpaka kingo zikalingana, akamkabidhi. Ng'ambo ya ukuta Mwalimu Nasike alikuwa amerudi, na sauti yake ilisikika akiwasomesha watoto silabi, nao wakiitikia.

"Yeye alipata ngapi?" Teresiah aliuliza.

"Arobaini na moja."

"Anajua?"

"Bado. Anaamini ameshinda."

Teresiah alifunga vifungo vya sweta yake, kimoja baada ya kingine, mpaka cha shingoni. Macho yalikuwa bado mekundu, lakini mgongo ulikuwa umenyooka.

"Basi kabla hatujaondoka, Sajini," alisema, "niruhusu nipite pale nimwambie mimi mwenyewe."